Bi Verdell na Orodha ya Marehemu

Ukitaka kuzeeka kabla ya siku zako, jiunge na Chama cha Wafanyabiashara Weusi wa Barabara ya Cawthon. Mimi nilijiunga nikiwa na nywele kichwani. Tunakutana kila Jumanne ya pili ya mwezi, chumba cha nyuma cha duka la samaki la LaTrice Bohannon. Tunaanza kwa sala, kisha wimbo, kisha kumbukumbu za mkutano uliopita, kisha mabishano juu ya kumbukumbu za mkutano uliopita. Tukija kulifikia jambo lenyewe lililotukutanisha, watu wameshaanza kutafuta makoti yao. Niliwahi kuona saa nzima ikiteketea kwa sababu ya rangi ya fulana za pikiniki.

Miaka yote hiyo aliyeshika kalamu ni Bi Verdell Threatt, mshonaji wa majoho ya kwaya, jirani yangu wa mlango wa pili. Mimi ninatengeneza viatu. Ninayasimulia haya kwa sababu wiki ile ya jengo Bi Verdell alikaribia kutunyonga sote mmoja mmoja, na nani angemlaumu.

Ana miaka sabini na mmoja. Ni mfupi, mkavu, na pini hazimtoki mdomoni, hata akiongea na mchungaji. Anakutazama mara moja tu, ameshajua upana wa kifua chako na urefu wa mikono, na futi haishiki mpaka mteja abishe. Nusu ya kwaya za upande wa magharibi wa Louisville zinaimba ndani ya mishono yake, na wale akina mama wanaosimama mlangoni kanisani na glavu zao nyeupe, sare zao ni zake. Ukimwambia joho limependeza, anakuuliza kwani ulitegemea nini.

Amefukuzwa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa bibi harusi, na mtaa mzima ulibomolewa kupisha barabara kuu. Mara ya pili mwenye nyumba aliuza, akawapa siku thelathini, na mumewe Ambrose akashusha cherehani saba mgongoni kutoka ghorofa ya tatu, siku ya barafu. Ndipo walipohamia kwetu Cawthon. Ambrose akajiunga na chama, na baada ya miaka miwili akafa. Tangu hapo Bi Verdell ana kauli moja: cherehani zake hazitashuka ngazi tena mpaka yeye mwenyewe atangulie kushushwa.

Basi msimu ule wa kuchipua mwenye jengo tunalopanga maduka yetu akafariki. Mzee alikuwa mwema, aliandika kwamba likitaka kuuzwa, chama chetu kiulizwe kwanza. Watoto wake walioko Florida wakatupa mpaka Ijumaa, saa kumi na moja jioni, karatasi iwe mezani kwa wakili wao mjini. Tukichelewa, jengo ni la kampuni moja ya wageni wanaotaka kujenga vyumba vya kupangisha na mahali pa kutembezea mbwa. Na pesa haikuwa tatizo. Andikeni tarehe, maana hamjawahi kusikia mtu wa Cawthon akisema hivyo. Chama cha akiba cha kanisa kilishakubali kutukopesha. Kilichobaki ni kitu kimoja tu, kumbukumbu za mkutano zinazoonyesha kwamba wanachama wamepiga kura na kukubali.

Kupiga kura! Watoto wa chekechea wanapiga kura kuchagua juisi.

Jumatatu tukaitana kwa dharura. Mwenyekiti wetu ni Shemasi Hosea Crutcher, mwenye nyumba ya mazishi pale kona, mtu wa suti nyeusi na sauti ya taratibu, anayeipenda katiba ya chama kuliko wengine wanavyopenda wake zao. Akavaa miwani, akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja.

"Mambo ya kawaida yanaamuliwa na waliohudhuria," akasoma. "Lakini kununua ardhi au jengo kunahitaji zaidi ya nusu ya majina yote yaliyo kwenye orodha. Bi Katibu, orodha ina majina mangapi?"

"Thelathini na manane," akasema Bi Verdell.

"Na sisi hapa tuko wangapi?"

Tukahesabiana vichwa. Kumi na tisa, na hakuna aliyekosa, hata yule muuza magazeti mwenye mguu mbovu alikuwepo.

"Nusu," akasema Shemasi. "Nusu si zaidi ya nusu." Akagonga nyundo.

LaTrice alikuwa amesimama na sahani za samaki mikononi. Ana miaka thelathini na minne, na ndiye mdogo kuliko sote chamani. "Samahani, Shemasi. Hao wengine kumi na tisa wako wapi?"

"Unajua walipo. Mimi ndiye niliyewapeleka."

"Yaani wamekufa?"

"Wamelala, binti."

"Sasa si tuwafute tu?"

Chumba kikapoa. Nyuma mtu akauliza huyu amelelewa na nani. Shemasi akavua miwani polepole, kama afanyavyo mbele ya jeneza.

"Jina la mwanachama haliondoki isipokuwa kwa barua yake mwenyewe, au ya ndugu yake wa karibu, na isomwe mbele ya wanachama. Nimewazika wote kwa mikono hii, LaTrice. Siwezi tena kuwafukuza."

Kifungu hicho alikitunga yeye. Siku tuliyomzika Ambrose tulirudi chumba hikihiki, sahani za kuku na maharage mapajani, kila mtu macho mekundu. Shemasi akasimama akatoa hoja kwamba wa kwetu wakitutoka wasifutwe, waendelee kuitwa kila mwezi, na wa karibu yao waitikie kwa niaba yao. Tukapiga makofi, tukalia, tukapitisha. Nani aliuliza tutafanyaje miaka thelathini na mmoja baadaye? Hakuna. Watu wetu tunajua kuaga, kuhesabu ndiko kunakotushinda. Kila mwezi tangu hapo Bi Verdell amekuwa akisoma orodha nzima, na akifika kwa Ambrose anaitikia yeye mwenyewe, "Yupo," bila hata kuinua macho.

Mkutano ulipovunjika alinifuata nje. "Roscoe, gari lako linatembea?"

"Linatembea kidogo."

"Kidogo kinatosha. Tunatafuta barua, hata iwe moja."

Jumanne tukaenda kwa watoto wa marehemu Purifoy, aliyekuwa fundi wa redio. Wako wanne. Wa kwanza alikubali, mradi wenzake nao wakubali. Wa pili alitaka picha ya baba itundikwe ukutani kwanza. Wa tatu, aliyekuwa kwenye simu kutoka Indianapolis, alisema hatasaini kitu alichoanza kukikubali wa kwanza. Wa nne alituuliza kama chama kina bima. Tulikaa saa tatu, tukala maharage, tukatoka mikono mitupu.

"Ningekuwa Purifoy ningejitoa mwenyewe," Bi Verdell akasema akifunga mkanda wa gari.

Familia ya pili ilitaka tuombe kwanza, tukaomba, kisha wakasema wataomba zaidi. Ya tatu haikufungua mlango, ingawa pazia lilicheza. Jumatano jioni tukafika kwa Bi Eulalie Tinsley, mjane wa kinyozi. Miaka themanini na minne, masikio mazima, ulimi mzima zaidi. Akatukatia keki ya karameli na kutusubiri tumalize, kwa sababu kwa Bi Eulalie hakuna neno linaloanza kabla ya keki kuisha.

"Sasa semeni. Mmekuja kumfukuza Clarence wangu."

"Hakuna anayemfukuza, Eulalie," akasema Bi Verdell. "Ni karatasi tu."

"Ndoa nayo ni karatasi tu. Ambrose umeshamtoa?"

Bi Verdell akawa anakusanya makombo ya keki kwa kidole.

"Nimekuuliza."

"Ambrose ni jambo jingine."

"Lipi? Wako kafa vizuri kuliko wangu?" Bi Eulalie akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Shoga, nakupenda, na joho ulilonishonea nitazikwa nalo. Unazunguka mji mzima kuwaomba watu watoe wafu wao, na wako umemkalia kama kuku akaliavyo mayai. Nipe hiyo kalamu. Nitamtoa wangu ukimtoa wako. Usipomtoa, hii barua yangu mkaifungie samaki."

Akasaini. Ndani ya gari Bi Verdell aliikunja ile barua na kuikunjua mpaka taa nyekundu ya tatu.

"Ni jina tu, Bi Verdell," nikajitia kumfariji.

"Endesha gari, Roscoe."

Ijumaa tukakutana saa nane mchana. Nilimwomba Shemasi kwa heshima zote sala iwe fupi. Aliwaombea wagonjwa, wasafiri, wafungwa, watoto wa Florida na mioyo yao, na alipoanza na mataifa mengine nikakohoa. Saa nane na nusu. Halafu wimbo, beti zote tatu. Halafu kumbukumbu, na yule wa magazeti akasimama kusahihisha kwamba Jumatatu alikaa upande wa dirisha, si wa mlango. Haki ya Mungu ningekuwa na nguvu ningemtupa nje kwa hilohilo dirisha.

Kisha barua. Shemasi akasoma ya Bi Eulalie. Kisha akafungua ya pili, akatazama mwandiko, akamtazama Bi Verdell. Bi Verdell alikuwa anatazama kalamu yake.

"'Kwa mwenyekiti na wanachama,'" akasoma. "'Mimi Verdell, mjane wa Ambrose Threatt, namtoa mume wangu chamani. Alikuwa mtu wa kuchoka haraka kwenye mikutano. Mmemkalisha miaka thelathini na mmoja. Yatosha.'"

Kuna aliyecheka, kisha akajuta. Shemasi akauliza kama kuna hoja ya kupokea barua kwa masikitiko, kwa sababu ndiyo desturi, kujiuzulu hupokewa kwa masikitiko.

"Sikitikeni upesi," akasema Bi Verdell. "Saa tisa imepita."

Tukasikitika kwa kura ya sauti. Yeye akachukua rula, akapiga mstari kwenye jina la Clarence Tinsley na mwingine kwenye jina la Ambrose, mstari ulionyooka kabisa, na ndipo nilipoona mkono wake wa kushoto umeshika ukingo wa meza. Majina thelathini na sita yakabaki. Sisi kumi na tisa. Nikapumua.

Akaanza kusoma orodha, na LaTrice kando yake akitia alama kwa penseli. Wafu wakaitikiwa na marafiki zao, sisi wengine tukajiitikia. Alipomaliza, LaTrice akahesabu alama za walio hai. Akahesabu tena.

"Kumi na wanane," akasema.

"Hesabu vizuri, binti," akasema Shemasi.

"Nimehesabu mara mbili. Kumi na wanane kati ya thelathini na sita." Akapitisha penseli juu ya karatasi mpaka chini, akarudi juu. "Bi Verdell, wewe uko wapi hapa?"

"Niko hapo kwenye..." akaanza Bi Verdell, kidole kikishuka kwenye orodha.

Jina lake halikuwepo. Aliyejiunga alikuwa Ambrose. Siku ile baada ya mazishi mjane alikuja kukaa kwenye kiti chake, akapewa kalamu kwa sababu mwandiko wake ulikuwa unasomeka, na hajaiweka chini tangu siku hiyo. Miaka yote amekuwa akiitikia jina la mume na kudhani ameitikia lake. Na sasa jina hilo amelifuta kwa rula yake mwenyewe.

"Nusu tena," akasema Shemasi kwa sauti ndogo. Hakugonga nyundo.

LaTrice akapiga meza, sosi ya pilipili ikamwagika. "Mwandikeni! Mwandikeni sasa hivi! Mwanachama mpya anakubaliwa na waliohudhuria, ni jambo la kawaida, si ndiyo?"

Shemasi akageuza kurasa. "Ndiyo. Natoa nafasi ya hoja."

"Hoja!" LaTrice akasema.

"Naunga mkono!" tukasema kumi kwa mpigo.

"Lakini," akasema Shemasi, na nilijua, nilijua kabisa, "mwombaji hutoka nje wakati anajadiliwa."

Bi Verdell akamgeukia. "Hosea. Nimeandika kila neno lililotoka kinywani mwako tangu ukiwa na meno yako."

"Ni katiba, Bi Verdell. Wakili wao atatafuta tundu lolote."

Bi Verdell akasimama, akachukua mkoba, akatoka kwa hatua zake fupi, akafunga mlango. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Kilichotakiwa ni kuuliza nani anakubali, kunyoosha mikono, basi. Dakika moja. Lakini yule wa magazeti akasimama.

"Mimi nataka kusema kidogo tu kuhusu Dada Threatt," akasema, na akasimulia jinsi mama yake alivyozikwa na vazi ambalo Bi Verdell hakutaka malipo yake. Akaketi huku analia. Akasimama mwenye maua. Akasimama mwenye duka la dawa, akakumbuka msimu wa mafuriko. Mmoja akasema angekuwa ameshafunga biashara kama Bi Verdell asingekuja kila asubuhi kumwuliza kwa nini mapazia bado yamefungwa. Watu wakasema amina. LaTrice akawa anaonyesha saa ya ukutani kwa mikono yote miwili kama anayeongoza ndege itue.

Na mimi? Mimi niliyekuwa nawatukana wote kimoyomoyo? Nilisimama. Nikaeleza jinsi mke wangu alivyoniacha, na sahani za chakula zilizokuwa zinawekwa mlangoni kwangu kila Alhamisi bila neno. Sijui kwa nini nilisimama. Nilipoketi ilikuwa saa kumi kasorobo, na bado kulikuwa na mikono juu.

Mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Mnafanya nini humo?"

"Tunakujadili, Bi Verdell!" akasema Shemasi.

"Mnanijadili au mnanizika? Nasikia amina! Nani kasema amina?" Akagonga tena. "Nisifieni nikifa! Mtakuwa na siku nzima, na chakula mtapewa! Sasa hivi nataka kura! Nyoosheni mikono yenu mibovu!"

Tukanyoosha. Wote. Shemasi akafungua mlango mwenyewe, na Bi Verdell akaingia uso umekunjamana, akaenda moja kwa moja mezani. Chini kabisa ya orodha, baada ya jina la LaTrice, akaandika jina lake. Kisha akasoma orodha yote upya, haraka, bila kituo, na alipofika mwisho akasoma "Verdell Threatt" na kutia alama bila kuitikia. Kumi na tisa kati ya thelathini na saba. Zaidi ya nusu. Hoja ya jengo ikapita kabla nyundo haijainuliwa.

Gari lililokuwa tayari pale mbele ni moja, la Shemasi, lile refu jeusi. LaTrice akaruka ndani na karatasi, Shemasi akashika usukani, wakaondoka. Sijawahi kufurahi hivyo kuona gari la maiti. Mji mzima uliwapisha. Saa kumi na dakika arobaini LaTrice akapiga simu kusema wakili amepokea, amegonga muhuri, na amemwuliza Shemasi nani amefariki.

Kelele zilizofuata sizisimulii. Samaki walikaangwa bure, na hilo nalo muandike tarehe. Nikamtafuta Bi Verdell, sikumwona. Nilimkuta dukani kwake amekaa kwenye cherehani, joho la zambarau mbele yake, hashoni.

"Huji kula?"

"Nitakuja."

"Jengo ni letu, Bi Verdell. Hakuna wa kukushusha tena ngazi. Hujafurahi?"

"Nimefurahi. Usiniulize upuuzi." Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na sauti ilikuwa ileile ya kugombeza. "Miaka thelathini na mmoja, Roscoe. Kila mwezi nasoma majina, mpaka ya wafu nayasoma. Na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuona kwamba langu halimo."

Nilifungua kinywa.

"Najua unachotaka kusema, kwamba hata mimi sikuona," akasema. "Mimi nilikuwa nasoma. Nyinyi ndio mliokuwa mnasikiliza."

Akavuta joho chini ya sindano, akakanyaga pedali.